Jangwani na Nyumba ya Magurudumu: Yapi Kweli, Yapi Si Kweli

Kila mwaka joto linapoanza kupungua, barabara kuu namba 10 inayotoka Phoenix kwenda California hujaa magari-nyumba: mabasi yenye vitanda na jiko, matrela yanayovutwa na pikapu, na vani ambazo wenyewe wamezigeuza chumba cha kulala. Mengi huishia Quartzsite, mji mdogo wa Arizona ulio kilomita 200 hivi magharibi ya Phoenix. Hapo Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani imetenga eneo la La Posa, zaidi ya ekari 11,000, kwa wanaotaka kukaa jangwani msimu mzima. Wengine husonga hadi Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, kwenye kambi kama Mesquite Spring, yenye nafasi 40 hivi, vyoo, bomba la maji, na mahali pa kumwaga maji machafu. Umeme wa kuchomeka hakuna. Bomba la kuunganisha kwenye gari hakuna.

Phoenix na Tucson zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi, na jangwa hilo liko karibu nazo kabisa. Nawaandikia hao, pamoja na ndugu watakaowatembelea, kwa sababu maneno yanayosemwa kuhusu kambi hizi yana mchanganyiko mbaya: machache ni kweli, mengi ni nusu kweli, na mengine yanaua. Gari-nyumba halikutoi jangwani. Kule hakuna idara ya maji, hakuna shirika la umeme, hakuna gari la kunyonya choo. Kazi zote hizo umezibeba wewe tangu ulipowasha injini.

"Jangwani ni joto. Sweta ya nini?"

Si kweli. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu haviwezi kulizuia joto la ardhi, hivyo jua likizama joto hilo hupotea upesi. Januari, mchana wa Quartzsite ni wa kukaa nje na shati, lakini usiku nyuzi za Selsiasi hushuka kuelekea 5, na zipo alfajiri ambapo maji huganda ndani ya mpira ulioachwa nje. Ukisahau kuumwaga mpira huo jioni, asubuhi unaweza kuukuta umepasuka.

Mwinuko nao una amri yake. Ndani ya Death Valley peke yake, bonde la Badwater liko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na kilele cha Telescope Peak kiko mita 3,368 juu ya usawa huo. Kambi za chini zina jua wakati za juu zimefungwa kwa theluji.

Lakini majira ya kiangazi, wanaoogopa joto wana haki kabisa. Rekodi ya dunia inayotambuliwa hadi leo na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nyuzi 56.7, ilipimwa Furnace Creek, ndani ya Death Valley, tarehe 10 Julai 1913, na usiku wa Julai pale mara nyingi haushuki chini ya 30. Wakati huo usipeleke familia kulala ndani ya bati.

"Tangi likijaa, maji yanatosha wiki nzima."

Si kweli, mpaka ujifunze kuoga upya. Chukua gari lenye tangi la lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Hifadhi za jangwani hushauri kila mtu awe na angalau lita 4 kwa siku, za kunywa tu. Watu wanne kwa siku tano, hizo ni lita 80. Zinabaki 70 za kupikia, kuosha vyombo na kuoga, wakati mtu mmoja akisimama dakika kumi chini ya bomba la mvua la kawaida anaweza kuzimaliza zote.

Mmarekani aliyezoea bomba hufundishwa hapa kulowesha mwili, kufunga maji, kupaka sabuni, kisha kufungua tena kidogo. Aliyekulia kwenye ndoo na kopo anaijua kazi hii tangu utoto. Nusu ndoo, kopo, na mtu anatoka safi hadi nyuma ya masikio. Huo ni ujuzi wa kweli, na ningependa wazazi wetu waliouleta Marekani wauone unavyohitajika mahali ambapo matajiri wenye mabasi ya dola laki tatu hukosa maji siku ya tatu. Wafundisheni watoto.

Lipo pia jambo ambalo wageni hawalitazami: kinachomaliza safari mapema mara nyingi ni tangi la maji yaliyotumika. Kila lita inayotoka bombani huingia huko, na likijaa huna pa kuoga hata kama tangi la maji safi bado lina nusu. Kuyamwaga chini ni kosa katika hifadhi za taifa, na katika nchi kavu namna hii mabaki ya chakula huita panya na mbweha mpaka mlangoni. Osha vyombo kwenye beseni. Maji ya suuza ya mwisho yatumie kuloweka vyombo vya jioni.

"Basi na chooni tubane maji."

Si kweli, na hapa nawasihi mnisikilize. Choo cha gari humwaga kwenye tangi la chini, na tangi hilo linahitaji maji ili uchafu uelee na kutoka siku ya kumwaga. Ukilinyima maji kwa kuogopa ukame, uchafu hujikusanya chini ya shimo ukawa mlima mgumu usiosogea, na fundi wa kuuondoa yuko mji mwingine. Anza na lita kadhaa ndani ya tangi kabla ya mtu yeyote kutumia choo. Bana maji jikoni, bana bafuni, chooni usibane. Na kambi ikiwa na vyoo vyake, vitumie hivyo. Ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

"Paneli za sola zikijaa paani, kiyoyozi kitapuliza usiku kucha."

Si kweli, na hesabu ni fupi. Kiyoyozi cha paani hula kama wati 1,300 hadi 1,500. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi na asidi haifai kuishusha zaidi ya nusu. Unabaki na wati-saa 600, ambazo hazifiki hata nusu saa ya ubaridi. Betri za lithiamu hukuruhusu kuzitumia karibu zote, lakini hata nne za ukubwa huo haziwezi kukufikisha asubuhi kiyoyozi kikienda mfululizo.

Sola hutosha sana kwa taa, simu, pampu ya maji na feni. Jenereta ina mipaka yake: hifadhini huruhusiwa saa maalumu tu, na kambi ya Texas Spring, Death Valley, hairuhusu kabisa. Dawa ya joto, kwa maoni yangu, iko kwenye kalenda. Nenda kati ya Novemba na Machi.

Lakini hata miezi hiyo betri huisha usiku, na watu hushangaa kwa nini, maana hita inatumia gesi. Gesi hutoa moto. Feni inayousukuma huo moto hadi kitandani hutumia betri. Blanketi nzito zinaokoa betri kuliko paneli ya ziada.

"Lazima gari lisimame sawasawa hata kwa usiku mmoja."

Kweli, kwa mwenye friji ya gesi. Friji hiyo haina kompresa. Amonia ndani yake huzunguka kwa joto na kwa uzito wake yenyewe. Gari likiinama sana, mzunguko husimama na mabomba huungua hadi kuziba. Beba pima maji ya fundi mwashi na mbao chache za kuweka chini ya tairi.

"Mvua hainyeshi, kwa hiyo korongo ndilo mahali pazuri: tambarare, lina mchanga laini na kivuli."

Si kweli hata kidogo. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote. Mtu wa Marsabit au Turkana, kaskazini mwa Kenya, hahitaji kuambiwa, maana anazijua laga zake, yaani mito mikavu inayofurika ghafla. Ardhi ya jangwa ni ngumu na haina majani ya kuyashika maji, kwa hiyo mvua haizami, hukimbia. Inaweza kunyesha mlimani mbali, wewe ukiwa na jua kichwani, na maji yakakufikia yakiwa yamebeba mawe na magogo.

Death Valley ina mifano ya kutosha. Oktoba 2015 mafuriko yalipita kwenye bonde la Grapevine, jirani na kambi ya Mesquite Spring, yakaichana barabara na kuharibu jumba maarufu la Scotty's Castle, ambalo lilibaki limefungwa kwa miaka mingi baadaye. Agosti 2022 zilinyesha milimita 37 asubuhi moja tu Furnace Creek, na watu kama 1,000 wakashindwa kutoka kwa sababu barabara zilifunikwa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yalishusha milimita 56 kwa siku moja. Hiyo ni mvua ambayo bonde hilo hupata kwa karibu mwaka mzima. Hifadhi ilifungwa hadi Oktoba.

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Uzito wa gari-nyumba usikudanganye, kwa kuwa ni boksi pana na jepesi ubavuni. Egesha juu ya kingo, palipo na mawe meusi yaliyotulia na vichaka vikongwe. Ukiona mchanga umepangwa kwa mistari na matawi yamenasa kwenye vichaka, yote yakielekea upande mmoja, ondoka hapo.

"Ni ardhi tupu ya serikali. Kaa popote, muda wowote."

Si kweli. Katika ardhi nyingi za Idara ya Usimamizi wa Ardhi kikomo ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha unahama. La Posa ni tofauti: kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili unaweza kukaa miezi yote kwa kibali, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 180, au dola 40 kwa siku 14. Gari linatakiwa liwe na tangi lake la maji taka, isipokuwa umeegesha karibu na vyoo.

Na tupu, hapana. Watu wa kabila la Timbisha Shoshone wako Death Valley tangu kabla haijapewa jina hilo, na kijiji chao kiko Furnace Creek hadi leo. Mwaka 2000 sheria ya Marekani iliwarudishia sehemu ya ardhi yao. Makaburini Quartzsite kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake, iliyojengwa 1935 kwa heshima ya Haji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya. Alifika Texas mwaka 1856 na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani, akafia Quartzsite mwaka 1902. Wamarekani walimwita Hi Jolly. Msafiri Mwislamu akipita pale, asiache kumwombea dua.

Udongo wenyewe uko hai. Juu yake kuna ganda jembamba lililojengwa na bakteria na kuvu, linaloshika mchanga usipeperuke. Mwaka 1942 Jenerali George Patton alianzisha eneo la mafunzo ya kijeshi katika majangwa haya, kuwaandaa askari kwa vita vya Afrika Kaskazini. Zaidi ya miaka 80 imepita, na alama za vifaru vyake bado zinaonekana ardhini. Pita kwenye njia zilizopo, egesha palipoegeshwa na wengine.

"Nyoka na nge watatuingilia ndani."

Nusu kweli. Majira ya baridi nyoka wengi hujificha. Nge hung'aa chini ya tochi ya mwanga wa urujuani, kwa hiyo mulika, na kung'uta viatu asubuhi. Adui wa gari ni panya, anayetafuna nyaya za injini ukiwa umelala. Fungua boneti jioni. Panya hapendi mahali peupe.

"Tairi lina kashata, bado zima."

Si kweli. Jua na miaka huua tairi la gari linalosimama muda mrefu kabla barabara haijalimaliza. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

"Ukikwama, ramani ya simu itakuonyesha njia ya mkato, na maji yako kwenye mpungate."

Si kweli, mara mbili. Nyama ya mpungate wenye umbo la pipa ina asidi na sumu nyingine zinazoleta kutapika na kuhara, na hapo unapoteza maji zaidi ya uliyopata. Maji uliyonayo usiyaweke akiba mpaka mwili udhoofike. Yanywe ukisikia kiu, kisha punguza jasho kwa kukaa kivulini.

Kuhusu njia ya mkato: Julai 1996 watalii wanne kutoka Ujerumani, wawili kati yao watoto, waliingia na vani ya kukodi kwenye njia mbovu ya Death Valley. Oktoba gari lilipatikana, tairi zimepasuka, watu hawapo. Mabaki ya binadamu yalipatikana mwaka 2009, kilomita kadhaa kutoka gari lilipokuwa. Gari huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea peke yake haonekani. Kukaa na gari, hilo ni kweli tupu.

Kabla ya kuondoka, nunua ramani ya karatasi, na kama uwezo upo, kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi hiyo haina mtandao wa simu. Mwachie ndugu aliyebaki mjini karatasi yenye jina la kambi, barabara utakayopita, namba ya gari, na saa ambayo asipokusikia atapiga 911.