Usukani wa Pikipiki Usiteleze
Mpakani Busia, ambako kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960, leo pikipiki hubeba abiria na magunia hadi vijiji vya Buteba. Usukani mpya uliofungwa vibaya huzunguka ndani ya vibano dereva anapofunga breki, na chombo kikamshinda. Basi kwanza upimwe unene: vibano vya milimita 22 havishiki usukani mwembamba zaidi, wala pengo lisizibwe kwa mpira. Pili, mafuta na vumbi vifutwe kabisa. Tatu, bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, bila kupita kiasi, maana hesi zikiliwa kibano hakishiki tena. Mwishowe usukani ukandamizwe kwa nguvu. Ukisogea, abiria asipandishwe.