Pagoda Iliyonyooka

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855, ardhi ilitikisika chini ya Edo, jiji tunaloliita leo Tokyo. Nyumba zilianguka, moto ukashika mitaa, maelfu wakafa. Katika hekalu la Sensoji, mtaani Asakusa, pagoda ya orofa tano ilinusurika, lakini ncha ya kilele chake ilipinda. Sensoji ni hekalu la Kannon, mwenye huruma katika Ubudha, na waumini husimulia kwamba sanamu yake iliopolewa Mto Sumida na ndugu wawili wavuvi mwaka 628. Kila aliyeinua macho Asakusa aliona ile ncha iliyopinda.

Mwaka 1856 mafundi waliinyoosha. Majira ya joto ya mwaka huohuo, mchoraji Utagawa Hiroshige akatoa picha ya Sensoji katika mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za Edo. Pagoda imesimama wima, na theluji inaanguka! Theluji, katika msimu wa jua kali. Naungana na wachambuzi wanaoona humo pongezi: nyekundu ya mahekalu na nyeupe ya theluji ni rangi ambazo Wajapani huzitumia katika sherehe. Hiroshige alizaliwa 1797 katika ukoo wa wazima moto, na kazi hiyo aliirithi akiwa kijana. Aliyajua majivu.

Tazama picha ilivyopangwa. Tumesimama chini ya lango, na taa kubwa ya karatasi imening'inia juu yetu, nusu yake ikiwa imekatwa na ukingo wa picha. Mbele, watu wenye miavuli wanakwenda kusali. Hiroshige alichora tu. Mchongaji alikata mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake, na mpiga chapa akasugua karatasi juu yake. Kwenye nakala za mwanzo theluji ilipigwa kwa ubao usiotiwa rangi, ikatuna kidogo. Iinamishe picha kwenye mwanga wa pembeni, utaiona.

Picha hizi ziliuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, naye alikwenda nazo nyumbani kama aliyezuru. Edo iliujua vizuri uchaji wa namna hiyo. Huko Meguro, waumini wa Mlima Fuji walijenga vilima vya kuuigiza, kimoja 1812, kingine 1819, Hiroshige akavichora vyote. Wanawake, waliokatazwa kufika kilele cha Fuji chenyewe hadi 1872, waliweza kupanda hivyo.

Lango lenye ile taa liliungua 1865, likakaa bila kujengwa hadi 1960. Pagoda iliteketea kwa mabomu ya Machi 1945, ikajengwa upya 1973. Mgeni anayeingia leo akiwa na nakala ya Hiroshige mkononi ataitafuta pagoda upande wa kulia, kama ilivyochorwa. Iko kushoto.