Jiwe la kusafisha damu

Mjamzito anayenunua pemba, udongo wa kuliwa, sokoni na mtu anayeagiza chupa ya zeolaiti mtandaoni wanafanya jambo moja: wote wawili wanameza madini ya ardhini. Kinachowatofautisha ni bei, na maneno ya kwenye lebo. Pemba haimwahidi mtu chochote. Zeolaiti inaahidi kuondoa mwilini risasi, zebaki na kadimiamu, ati kwa matone machache tu kila asubuhi.

Ahadi hiyo ikifika kwenye simu ya mkazi wa Goweko, ile stesheni ya Reli ya Kati wilayani Uyui, mkoani Tabora, haitamkuta mtu asiye na sababu ya kusikiliza. Kaskazini mwa hapo, Nzega, kuna wachimbaji wadogo wanaokamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanachoma donge motoni hadi zebaki itoke kama mvuke. Tabora yenyewe ni mkoa wa tumbaku, mmea unaofyonza kadimiamu ya udongoni na kuilimbikiza kwenye majani. Mvutaji huivuta pamoja na moshi, nayo ikishafika kwenye figo hukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Hofu ya madini mazito, basi, si ya kuchekwa. Swali ni kama dawa inayouzwa inaigusa sumu yenyewe.

Zeolaiti huzaliwa majivu ya volkano yanapokaa muda mrefu katika maji ya chumvi na magadi. Afrika Mashariki inayo tele: mwanajiolojia Richard Hay aliichunguza kwa miaka mingi katika matabaka ya Olduvai, na iko pia kandokando ya Ziwa Magadi nchini Kenya. Ndani yake mna vijia vidogo mno, na kuta zake zina chaji hasi, kwa hiyo hushika chembe zenye chaji chanya. Hushika na kuachia, kama mpagazi wa njia ya misafara ya Unyanyembe aliyetua mzigo mmoja ili atwae mwingine. Uwezo huo ni wa kweli. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 zeolaiti ilitumika kunasa siziamu ya mionzi, na Ulaya imeruhusu aina iitwayo klinoptilolaiti kwenye chakula cha mifugo, kwa kikomo cha gramu 10 kwa kilo.

Ila utumbo si bomba la maji machafu. Unga wa zeolaiti ukimezwa hupita tumboni na kutoka chooni. Hauingii kwenye damu. Mvuke wa zebaki wa Nzega, kwa upande wake, huingia kwa mapafu, ukafika kwenye ubongo na figo bila kupita njia hiyo. Risasi iliyokwisha kuingia mwilini, sehemu yake kubwa imejificha kwenye mifupa. Wapo wauzaji wanaojibu kwamba zeolaiti yao ni ya chembe ndogo kiasi cha kupenya hadi kwenye damu. Jibu hilo linapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi zaidi, maana sasa anaambiwa kwamba jiwe lenye aluminiamu na silika linazunguka mwilini mwake. Majaribio ya binadamu yanayotajwa kuitetea ni machache na madogo.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hulikwepa. Jiwe lenye tabia ya kunasa risasi limekaa ardhini maelfu ya miaka, likinasa. Lisipopimwa maabara, mtu anaweza kumeza kile kile anachokikimbia. Pemba imeshatoa funzo hilo. Utafiti wa Elias Nyanza na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahoji wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Asilimia 45.6 walikuwa wakila udongo, na sampuli za udongo huo zilikutwa na aseniki, kromiamu na nikeli. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Marekani na Kanada: tope lililouzwa kwa jina la Black Oxygen Organics, likisifiwa kwa kusafisha mwili, lilipopimwa na mamlaka ya Marekani likakutwa na risasi na aseniki kwa viwango vya juu.

Jina lenyewe, zeolaiti, ni la ukoo mzima. Mmoja wa ukoo huo, erionaiti, ana nyuzi kama za asbesto. Vumbi lake limeua wanakijiji wa Karain na Tuzköy nchini Uturuki kwa saratani ya utando wa mapafu. Klinoptilolaiti si erionaiti. Lakini chupa iliyoandikwa “zeolaiti” bila kutaja aina haimsaidii mnunuzi.

Anayetumia dawa kila siku ana sababu yake ya kusita. Dolutegravir, dawa ya VVU, kwa mfano, hushikwa tumboni na aluminiamu (nayo imo katika zeolaiti) au kalsiamu ikimezwa pamoja nazo, na dawa kidogo ndiyo hufika kwenye damu.

Sumu ya risasi ina matibabu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi lenye risasi la migodi ya dhahabu, Madaktari Wasio na Mipaka walitumia DMSA, dawa inayoshika risasi na kuitoa kwa mkojo. Lakini udongo wa vijijini uliondolewa kwanza, kwani mtoto aliyetibiwa na kurudishwa kwenye vumbi angeumwa tena. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unafuata mpango huo huo: kipimo cha damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa, kisha dawa kwa wenye kiwango kikubwa, kwa mtoto wa hadi miaka kumi, mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi.

Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo. Na kwa mchimbaji wa Nzega chanzo hakihitaji kutafutwa. Ni moto wa kuchomea. Ritoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, hurudisha zebaki ikiwa majimaji, ikatumika tena. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe, na pia uchomaji katika makazi ya watu.