Kompyuta ya gemu ya kwanza: angalia umeme kabla ya kushika bisibisi

Wapo vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaosoma Eldoret, na miongoni mwao wapo wanaodunduliza senti wajiundie kompyuta ya gemu kwa mikono yao. Si kazi ngumu. Vipuri ni vichache, kila kimoja kina pahali pake, na bisibisi moja ya nyota yatosha. Taabu ni kwamba video nyingi za mafunzo zimetengenezwa ughaibuni. Hazisemi lolote kuhusu soketi za nyumba zetu za kupanga, wala baridi ya Eldoret, wala chumvi ya pwani itakayoingojea kompyuta hiyo siku ya kurudi nyumbani.

Pawasaplai haifunguliwi

Katika vipuri vyote, pawasaplai ndiyo inayoweza kukuua. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Usiifungue, hata kama feni yake imekwama tu.

Ukinunua ya mtumba, tazama nyuma yake. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa kwenye 115, ukiichomeka yaweza kulipuka papo hapo.

Tena, waya za pawasaplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Kila kampuni hupanga pini zake itakavyo, na diski yaweza kuungua kwa kosa hilo. Kuhusu nguvu, piga hesabu: kadi ya grafiki ikila wati 200 na prosesa wati 100, ongeza za vitu vidogo, kisha acha nafasi. Hapo pawasaplai ya wati 550 kutoka kampuni inayojulikana ni bora kuliko ya bei rahisi iliyoandikwa 800.

Soketi yenye erthi

Pini ya tatu ya plagi ndiyo erthi. Katika nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu lake lakini nyuma hakuna waya. Dalili ni kwamba ukigusa kasha la kompyuta unahisi kuwashwa vidoleni. Usilizoee jambo hilo. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA apime kabla hujaendelea.

Sweta na umeme tuli

Huku pwani hewa ina unyevu, na umeme tuli hutoweka mwilini wenyewe. Eldoret, hasa kuanzia Disemba hadi Machi, hewa ni kavu, na kwa baridi ya asubuhi watu huvaa sweta na kujifunika blanketi. Umeme unaotokana na msuguano huo mwanadamu hauhisi mpaka ufike takriban volti 3,000, lakini rami au prosesa huharibika kwa kiasi kidogo zaidi ya hicho. Kwa hiyo vua sweta, fanya kazi juu ya meza ya mbao badala ya kitanda au zulia, na gusa chuma kitupu cha kasha kila mara kabla ya kushika kipuri.

Kuunganisha

Kwanza jaribu nje ya kasha, ubao mkuu ukiwa juu ya boksi lake la karatasi. Prosesa ina pembetatu ndogo pembeni: ilinganishe na ile ya kwenye ubao, kisha iache ikae yenyewe bila kuisukuma. Pini zikipinda hasara ni yako, kwani garanti kwa kawaida haigusi jambo hilo. Dawa ya kupitisha joto yatosha ya ukubwa wa punje ya choroko au kubwa kidogo. Bandua plastiki iliyo chini ya kipozaji, na uchomeke waya wa feni yake. Rami zikiwa mbili na nafasi nne, kwa kawaida hukaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Ukihamia kwenye kasha, hakikisha ubao umekalia vile vijiguu vya shaba. Ukigusa bati utapiga shoti. Waya wa skrini uingie kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao. Na kila unapobadilisha kitu, zima na uchomoe kwanza.

Mlimani na baharini

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Feni ile ile hubeba joto kidogo zaidi ya hapo ingebeba pwani, ingawa ubaridi wa mji husaidia. Hatari kubwa zaidi ni radi na umeme kukatika. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na mara nyingi vifaa huungua pale umeme unaporudi kwa kishindo. Weka kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, au UPS ukiweza. Radi ikianza, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti, kwani hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga karibu.

Siku ya kurudi nyumbani, toa kadi ya grafiki na uibebe kwenye boksi lake. Ni nzito, na matuta ya barabarani huvunja pahali inapochomekwa. Ukifika, iweke kompyuta mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na usiiache miezi bila kuiwasha, maana unyevu wenye chumvi hutafuna shaba polepole. Mzazi aliyechangia shilingi zake ana haki ya kuiona ikiwaka mwaka wa pili na wa tatu.