Meno ya Shafti ya Pikipiki Yasiachwe Makavu

Katika vilima vya Niboye, mojawapo ya kata kumi za wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, pikipiki ndiyo miguu ya wananchi. Asubuhi humfikisha mfanyakazi kazini na mgonjwa zahanati. Jioni humrudisha nyumbani mama aliyetoka sokoni na mzigo wake. Dereva wake, ambaye huku huitwa motari, hula kutokana na gurudumu linalozunguka. Gurudumu likisimama siku mbili, na jiko lake husimama. Ndiyo maana leo tumeona yafaa tuzungumze juu ya kiungo kidogo ambacho wengi hawakijali mpaka kimekwisha kuwatia hasara, nacho ni meno ya shafti.

Pikipiki nyingi za abiria mjini Kigali huendeshwa kwa mnyororo. Mnyororo huo huvutwa na sproketi ndogo ya mbele, ambayo imevikwa juu ya ncha ya shafti itokayo kwenye giaboksi. Ili sproketi isizunguke bure, ncha ya shafti imechongwa meno yaliyonyooka, na tundu la sproketi nalo limechongwa vivyo hivyo, yakaingiana. Hata hivyo, baina ya meno hayo huwapo nafasi ndogo sana. Kila motari anapoongeza mafuta kupanda mlima, na kila anapoachia kuteremka, chuma hugonga chuma. Msuguano huo ni mdogo lakini haukomi. Hula chuma kidogo kidogo na kutoa vumbi jekundu mfano wa kutu. Mvua za Machi hadi Mei zinapoleta matope, uharibifu huzidi.

Hapana shaka msomaji atauliza: hasara yake ni kubwa kiasi gani? Sproketi iliyolika hubadilishwa kwa muda mfupi. Lakini meno ya shafti yenyewe yakilika, hakuna dawa ya kweli ila kufungua injini na kutia shafti mpya, kazi ambayo humla motari fedha na siku za riziki. Wako mafundi ambao huchomelea sproketi kwenye shafti ili mteja aondoke upesi. Hiyo si tiba. Moto wa kuchomelea waweza kuharibu sili inayozuia oili, na siku sproketi itakapokwisha haitatoka ila kwa kukatwa. Lililo baya zaidi ni meno kuteleza ghafla mlimani, injini ikanguruma na pikipiki isiende, ilhali abiria yuko nyuma na lori linakuja.

Kinga ya maradhi haya ni kilainisho chenye molibdeni. Madini yake ni meusi ya kijivu, na kwa karne nyingi watu waliyachanganya na risasi na grafiti kwa kuwa yanafanana. Mwaka 1778 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kuwa ni kitu kingine, na mwaka 1781 mwenzake Peter Jacob Hjelm akaitenga metali yenyewe. Kinachotumika katika kulainisha ni molibdeni iliyoungana na salfa. Chembe zake zimepangika tabaka juu ya tabaka kama karata, na tabaka hizo huteleza kwa wepesi. Grisi ya kawaida ikibanwa sana baina ya vyuma husukumwa nje, vyuma vikabaki vikavu. Lakini tabaka za molibdeni hubaki zimeng'ang'ania chuma.

Sasa, mwenye kipato kidogo achague ipi? Kwanza, asome kopo. Litafutwe neno molibdeni au alama MoS2. Weusi peke yake si ushahidi, kwa maana grafiti nayo ni nyeusi. Pili, aangalie kiasi. Grisi nyingi za namna hii huwa na molibdeni ya asilimia 3 hadi 5 tu, na bei yake ni nafuu. Ziko pia zile nzito, zenye asilimia 60 hivi, ambazo ni ghali. Hizo hasa zilikusudiwa pikipiki zisizo na mnyororo, zinazoendeshwa kwa shafti mpaka gurudumu la nyuma, kama BMW nyingi zilivyo tangu R 32 ya mwaka 1923, au Honda Gold Wing tangu mwaka 1975. Mwenye pikipiki ya aina hiyo afuate kitabu cha kiwanda wala asibahatishe.

Kwa pikipiki ndogo ya mnyororo, grisi ya asilimia 3 hadi 5 inatosha, mradi meno yapakwe tena kila sproketi inapofunguliwa. Hata ile grisi nyeusi inayotiwa katika viungo vya ekseli za mbele za magari madogo, chini ya mipira yake, mara nyingi ni ya jamii hii. Fundi wa magari aweza kuwa na akiba yake. Tena kinachohitajika ni kidogo. Tukikadiria gramu 2 kwa shafti moja, kopo la gramu 100 litahudumia pikipiki 50. Kwa hiyo, hata ile ya ghali, wenzi kumi wa kituo kimoja wakichangiana, hakuna atakayeumia.

Namna ya kupaka nayo ina adabu yake. Sproketi ifunguliwe, meno yasuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, yafutwe mpaka yakauke. Kisha utando mwembamba upakwe, na kinachozidi kifutwe, kwa sababu grisi inayorushwa hukusanya vumbi, na ikifika kwenye breki ni hatari. Oili chafu isitumike, kwa kuwa hubeba masizi na unga wa chuma. Wala mtu asisikie sifa za molibdeni akaimimina ndani ya injini: klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili hiyo hiyo, na yaweza kuanza kuteleza. Injini itiwe oili yenye alama ya JASO MA.

Wengine watasema kwamba zama za petroli zinapita, kwa kuwa tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za petroli za kubebea abiria hazisajiliwi tena mjini Kigali. Ni kweli. Lakini zile za zamani zingali barabarani, na hata pikipiki ya umeme, ikiwa inavuta mnyororo kwa sproketi iliyovikwa juu ya meno, inahitaji huduma ile ile.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha, motari na atenge saa moja. Aishike sproketi ya mbele kwa mkono na kuitikisa. Ikicheza sana, au akiona vumbi jekundu, asingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha ya chakula cha watoto.