Soya ya Mbozi si Soya ya Kamsamba

Mkulima wa Mbozi na mwenzake wa Kamsamba, kule Bonde la Rukwa, wakigawana gunia moja la mbegu ya soya na kuipanda siku moja, hawatavuna siku moja. Wa bondeni atakuwa ameshapura wakati maganda ya wa juu bado mabichi. Wote ni wa Mkoa wa Songwe. Lakini uwanda wa Mbozi unapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mashamba hayo yanaweza kupishana nyuzi 4 au 5. Binadamu humaliza tofauti hiyo kwa kuvaa sweta. Soya huimaliza kwa kubadili ratiba nzima ya maisha yake.

Soya huanza kukua joto linapopita nyuzi 10 hivi, na hustawi zaidi kati ya 25 na 30. Tufanye hesabu ya mfano. Shamba lenye wastani wa nyuzi 20 huipa soya nyuzi 10 za kukulia kila siku. Lenye wastani wa 25 huipa 15. Mbegu inayohitaji jumla ya nyuzi 1,200 itakomaa kwa siku 120 katika shamba la kwanza na siku 80 katika la pili. Idadi ya siku iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbegu, basi, haiwezi kuwa sahihi kwa wakulima wote wawili.

Kukomaa haraka nako si faida kila mara. Chakula ambacho majani hutengeneza mchana, mmea hukitumia pia usiku kwa kupumua. Usiku wa joto hula sehemu kubwa zaidi ya akiba hiyo, muda wa kujaza punje unakuwa mfupi, na punje zinatoka ndogo. Mchana ukizidi nyuzi 35 wakati wa maua, chavua hudhoofika, maua na maganda machanga yakapukutika. Huko juu tatizo ni baridi: usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi, maua hayatungi maganda vizuri. Shamba linaweza kuwa la kijani na lenye afya, mwenye shamba akatembea humo kwa furaha, kumbe mavuno yameshapungua tangu majuma ya maua.

Jambo la pili ni urefu wa mchana. Mwaka 1920, Wightman Garner na Harry Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha utafiti wao juu ya tumbaku na soya. Walikuwa wameona kwamba soya aina ya Biloxi, hata ikipandwa kwa tarehe tofauti, huchanua karibu wakati mmoja, kwa kuwa husubiri mchana ufupike. Songwe, iliyo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hupata mchana wa saa 12 na dakika 40 hivi mwezi Desemba, na saa 11 na nusu hivi mwezi Juni. Mbegu iliyozoea mchana mrefu wa nchi za kaskazini ikiletwa huku huchanua ingali fupi, haina matawi ya kubeba maganda. Ndiyo sababu mbegu zilizofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, mkoani Mbeya, zikiwemo za jina la Uyole Soya, zina thamani kwa mkulima wa ukanda huu.

Kuchelewa kupanda huyakutanisha mambo haya yote. Mvua za Songwe ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Soya ikisubiri mpaka mahindi yamalizike kupandwa, ikaingia ardhini mwisho wa Januari, mchana unaofupika utaiharakisha kuchanua, usiku wa kuelekea kipupwe utaikuta na maua, na mvua itakata punje zikiwa zinajaa. Zao hili huhitaji maji ya milimita 450 hadi 700 kwa msimu, na kiu inayoliumiza zaidi ni ile ya tangu maua hadi punje kujaa.

Joto hufika pia chini ya udongo. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi huipatia soya naitrojeni kutoka hewani, na kinundu kinachofanya kazi ukikipasua huwa chekundu au cha waridi ndani. Unga wa bakteria hao unaopakwa kwenye mbegu ni kitu hai: ukiachwa juani, wanakufa. Mbegu yenyewe hupoteza uotaji upesi ikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu, kwa hiyo ijaribiwe kabla ya kupandwa. Uwandani, ubaridi na majani yanayokaa na unyevu kwa saa nyingi hukaribisha kutu ya soya, ugonjwa uliofika Uganda mwaka 1996 na Zambia mwaka 1998. Palimwe panapopitisha hewa, na majani ya chini yakaguliwe mara kwa mara.

Oktoba 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na Tunduma, mji wa mpakani wa Songwe, ni lango la biashara na Zambia. Soko lipo, ila kilo zinazopatikana kwa ekari zinaamuliwa mapema zaidi, siku ya kuchagua mbegu na tarehe. Kwa hiyo ushauri wa jumla kwa mkoa mzima hautoshi. Mkulima wa uwandani apande Desemba, ardhi ikishalowa vizuri, kwa mbegu inayovumilia usiku wa baridi. Wa bondeni achague mbegu ya muda mfupi na kuipanda mvua zikishakolea, ili maua yasiangukie kipindi cha ukame. Na afisa ugani, kabla ya kutaja tarehe yoyote, aulize kwanza shamba liko mwinuko gani.