Kichupa kidogo, hasara kubwa: tuangalie frigo zetu



Mwezi uliopita tuliitwa hapa Mudzipela kuangalia chumba cha baridi cha kooperative moja. Samaki wa Kasenyi na Tchomia walikuwa ndani, kompresa inazunguka usiku na mchana, mazuti inaisha, lakini kapiteni alikuwa ameanza kulegea. Watu wakasema: gesi imeisha. Hapana. Kichupa cha detanderi kilikuwa kinaning'inia hewani, kamba yake ya plastiki imekatika.

Sisi ni watu wa kilimo, si mafundi wa frigo. Lakini jambo hili kila kamati inaweza kuliona kwa macho.

Detanderi ni vali inayopima gesi ya majimaji inayoingia kwenye evaporata. Kichupa ndiyo jicho lake. Kinafungwa kwenye tuyo ya kurudia, fasi inapotoka evaporata kwenda kompresa. Tuyo ikipata joto, vali inafunguka, ikipoa, inajifunga. Kichupa kikiachana na tuyo, kinahisi hewa ya chumba, yenye joto kuliko tuyo. Basi vali inafunguka kupita kiasi, na gesi inarudi kompresa ikiwa bado maji. Kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, maji yanaivunja.

Fundi akija, simameni naye muangalie haya:

- Tuyo isafishwe mpaka ing'ae, kichupa kilale chote juu yake, sehemu iliyonyooka na kulala. Si kwenye kona, si juu ya kiungo.
- Kisiwekwe chini ya tuyo kabisa, juu mafuta yanapita huko na kudanganya kichupa. Fikirini uso wa saa: tuyo nyembamba, namba 10 au 2, tuyo inayozidi milimita 22, namba 4 au 8.
- Kifungwe na mikanda miwili ya shaba, si plastiki wala kamba.
- Kifunikwe vizuri na sponji ya tuyo, hewa isikiguse.
- Waya wake mwembamba wenye tundu usikunjwe. Ukipasuka, vali inajifunga na chumba hakipoi tena.

Mkiona barafu imefunika tuyo ya kurudia mpaka kwenye kompresa, zimeni mashini na mwite fundi. Msikubali kuongeza gesi kabla kichupa hakijaangaliwa.

Kule Mudzipela kazi ilichukua asubuhi moja. Kompresa iliokoka, sehemu ya samaki haikuokoka. Leo jioni, mwenye ufunguo aingie na tochi.